Kifafa kinachotulia kwa chai ya sukari: kisa cha insulinoma kutoka Pemba

Assalamu alaykum. Kisa hichi mwenyewe mgonjwa karidhia nikiandike, nimebadilisha vitu vidogovidogo asijulikane ila mtiririko wa mambo ndo huohuo. Insulinoma ni uvimbe mdogo wa kongosho unaomwaga insulini ovyo na kushusha sukari ya damu. Nakiandika kirefu makusudi, kwa sababu naamini wako wengine kama yeye huko Wete, Konde, Makunduchi, Nungwi, wanakunywa dawa za kifafa na kifafa hawana.

Mgonjwa ni dada wa miaka 38, mama wa watoto wanne, mkulima wa mwani upande wa mashariki ya Pemba. Anayeijua kazi hii anajua siku za bamvua maji yanakupwa sana saa nne saa tano za asubuhi, kwahiyo wanawake wanashuka mapema na kurudi adhuhuri. Yeye kawaida yake alikuwa anashuka hajatia kitu mdomoni, chai mpaka arudi. Yaani tangu chakula cha usiku mpaka adhuhuri hajala, na katikati hapo anainama, anakokota magunia ya mwani ulorowa. Hili la saa likamateni, kisa chote kimekaa hapo.

Siku ya kwanza wenziwe walimwona kasimama kwenye maji ya magotini anafunga mbegu kwenye kamba, anafunga, anafungua, anafunga tena palepale. Wanamwita haitiki. Jasho linamtiririka na upepo ule wa kaskazi wengine wamejifunga kanga mbili. Wakamshika mkono wakamtoa juu, wakamkalisha chini ya mnazi, mmoja akampa dafu na kipande cha mkate wa kumimina, baada ya dakika kumi hivi akauliza nani kamtoa pwani na kamba zake kamwachia nani. Hakukumbuka chochote.

Baada ya hapo mambo yakahamia nyumbani, na yalikuwa ya asubuhi. Watoto wanamwamsha kwenda skuli haamki, akiamka anasema maneno hayaungani, siku moja alimimina maji ndani ya kopo la sukari akawa anakoroga kwa kijiko na anamwita bintiye kwa jina la dadake aliyekwishafariki. Mamake anamtilia chai ya sukari mdomoni kidogokidogo, anazinduka. Mwaka wa kwanza ukapita hivyo, kisha akaanguka degedege kamili, kaumwa ulimi, kajikojolea, akapelekwa kituo cha afya, akaandikiwa fenobabitoni, dawa ya kifafa. Degedege zikaendelea, akaongezewa ya pili, kabamazepini. Sukari alipimwa mara moja katika kipindi chote hicho, na alipimwa baada ya kuwa amekunywa chai na kuzinduka, ikaja 5.8 (milimoli kwa lita, na namba zote za sukari humu ni za kipimo hicho), ikaandikwa kwenye cheti "sukari nzuri", na ile 5.8 ndo iliyofunga mlango kwa miaka miwili.

Familia vilevile ilimpeleka kwa sheikh kusomewa. Nalisema hili kwa heshima zote, kisomo ni ibada na mie mwenyewe nasomewa nikiumwa. Sheikh alikuwa anamsomea na kumlambisha asali, na kweli mara mbili alizinduka palepale mbele ya watu. Kwa macho ya kila aliyekuwepo ilikuwa jini limeondoka. Ila asali ni sukari, inafika kwenye damu upesi, na kwa mtu ambaye ubongo wake unakufa njaa vijiko viwili vya asali ni tiba ya dharura. Lau tungekaa na familia tukauliza "kila anapozinduka kapewa nini kabla?", jawabu lingekuwa moja kila mara, dafu, chai, asali.

Na mie namo kwenye lawama. Mwaka wa pili alikuja kwangu OPD, kwa wagonjwa wa nje, kuchukua dawa za mwezi. Nilisoma cheti, nikaona kifafa, nikaandika rifili, yaani dawa zilezile tena, hata dakika tano hazikufika. Na uzito ulikuwa umeandikwa palepale mbele yangu, kutoka kilo 61 hadi kilo 74 wakati ule. Mgonjwa wa kifafa ananenepa kilo 13 kwa nini? Sikuuliza. Alikuwa ananenepa kwa sababu mwili wenyewe ulimfundisha kuwa akila anakuwa mzima, basi akawa anaamka usiku wa manane kula wali baridi.

Mwaka wa tatu ukaingia Ramadhani. Mamake alimkataza kufunga akakataa, alikuwa na deni la siku nyingi za mwaka uliopita na linamkera. Alasiri ya siku ya pili akaletwa kwetu anatikisika mwili mzima, meno kayabana. Sista wa zamu alikuwa keshavuta dayazepamu, dawa ya kukata degedege, kwenye sirinji, akasita, akachukua glukometa, mashine ya kupimia sukari, kwanza akamtoboa kidole. Ikasoma 1.8.

Tukamsukumia dekstrosi, maji ya sukari, asilimia 50 kwenye mshipa, mililita 50, pole pole. Sirinji haijesha akafumbua macho, akaangalia dari, akauliza futari nani kapika. Mamake alikuwa kasimama ubavuni kwa kitanda, akanishika mkono akanambia, "Dokta mwanangu, mie miaka mitatu nawambia huyu ntoto akipewa chai ya sukari anazinduka. Hakuna alonisikiliza." Nilimwambia, "Mama, nisamehe, kumbe ugonjwa wewe ushautambua zamani." Na sikumwambia hivyo kumfariji. Alichokuwa anakisema ni theluthi ya mwisho ya kile madaktari tunachokiita utatu wa Whipple, kwa jina la daktari mpasuaji Allen Whipple wa New York aliyeueleza miaka ya 1930: dalili za kushuka sukari, sukari ipimwe wakati uleule wa dalili iwe chini kweli, na dalili ziondoke sukari ikipandishwa. Vikitimia vyote vitatu huna haki ya kumrudisha mtu nyumbani bila kutafuta sababu.

Sasa sababu ni nyingi na hapa ndo pa kwenda taratibu. Homa kali, malaria, kwinini, ini lililoharibika, pombe, upungufu wa homoni ya kotisoli, vyote vinashusha sukari, kwake havikuwepo na kotisoli ilipimwa ikawa nzuri. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na kitu kimoja kilichonitisha. Mama mkwe ana kisukari na anakunywa glibenklamaidi, tembe zinakaa kwenye kopo juu ya kabati, kopo la pembeni yake ndo la fenobabitoni za mkwewe. Tembe ndogo nyeupe na tembe ndogo nyeupe. Glibenklamaidi inailazimisha kongosho kutoa insulini, na ukimpima mtu aliyeimeza bila kujua vipimo vya insulini vinakuja vilevile kama vya mtu mwenye uvimbe. Kuna watu duniani wamepasuliwa kongosho kwa kosa la tembe. Tukahesabu tembe za bibi, zikalingana na tarehe za kuchukulia dawa. Hata hivyo tulipompa rufaa kwenda Unguja nilimuomba mwenzangu kule amlaze siku mbili kabla ya kipimo, asiingie na dawa yoyote ya nyumbani, na damu ipelekwe pia kutafutwa dawa za jamii hiyo.

Kipimo chenyewe ni saumu. Mtu anafungishwa wodini mpaka masaa 72, maji tu, sukari inafuatwa, na dalili zikija damu inatolewa hapohapo kabla hajapewa kitu. Wengi wenye ugonjwa huu hawavuki masaa 24, na karibu wote dalili zinawatokea kabla ya 72 kwisha. Hii lazima ifanyike wodini na dekstrosi imewekwa tayari pembeni, tafadhali asije mtu akajaribu nyumbani. Yeye alianza saa mbili usiku baada ya kula. Saa kumi na moja alfajiri sukari 3.1. Saa moja asubuhi akaulizwa leo siku gani, akasema jina la mwanawe, na maabara ikatoa 2.0. Masaa 11 tu. (Glukometa ya kidole kwenye namba za chini haiaminiki sana, inatosha kukushtua ila uamuzi wa namna hii unataka sukari ya maabara.)

Majibu ya damu ya saa ile: insulini 21, na kwa sukari ya chini namna ile ilitakiwa iwe chini ya 3. Si-peptaidi 1.2, mpaka wake 0.2. Ketoni karibu na sifuri. Alipopigwa glukagoni, homoni inayoliamuru ini litoe sukari yake, miligramu 1 sukari ikapanda kutoka 2.0 hadi 4.1 ndani ya nusu saa. Dawa za kisukari kwenye damu hakuna.

Kwa asiyekuwa mtu wa fani ntaeleza hivi. Kongosho inapotengeneza insulini inaanza na kipande kimoja kirefu, kinakatwa, upande mmoja insulini, upande wa pili si-peptaidi, sawa kwa sawa. Ukijidunga insulini ya chupa, si-peptaidi haipandi maana chupani haimo. Kwahiyo si-peptaidi ikiwa juu ina maana insulini imetoka ndani ya kongosho yake mwenyewe. Na kwa nini sote tunafunga kuanzia alfajiri mpaka magharibi hatuanguki? Kwa sababu sukari ikianza kushuka kongosho inakata insulini, ini linafungua ghala lake linatoa sukari, na mafuta yanageuzwa ketoni ambazo ubongo unaweza kuzila. Kwake yeye kuna chembe zilizokuwa hazisikii amri, sukari ishashuka na zinaendelea kumwaga insulini, na insulini ndo inayolifungia ini ghala na kuzuia mafuta yasigeuzwe. Ubongo unakosa sukari na unakosa cha akiba. Ile glukagoni kupandisha sukari ilituonesha kuwa ghala lilikuwa limejaa tele, ufunguo ndo hakuna.

Hapo ndo ikawa insulinoma bila ya shaka, na bado hakuna aliyeiona kwa picha. Nalikazia hili kwa sababu familia kabla ya hapo ilikuwa ishauza ng'ombe kulipia siti skani hospitali binafsi, wakapewa jibu kongosho haina kitu, na jibu lile likawavunja moyo zaidi. Skani ile ilipigwa bila dawa ya mshipani. Uvimbe huu mara nyingi hauvuki sentimita 2 na una rangi moja na kongosho, bila dawa hauonekani. Una damu nyingi ndani yake, ukipigwa picha sekunde kama 40 baada ya dawa kuingia, dawa ikiwa bado imo kwenye mishipa ya ateri, unawaka. Unathibitisha kwa damu kwanza, halafu ndo unatafuta uko wapi. Skani ya pili ilipigwa hivyo, kikawaka kidoa cha milimita 13 kwenye kiwiliwili cha kongosho, ukubwa wa punje ya karanga. Ini safi.

Miezi miwili ya kungojea zamu ya operesheni Dar ilikuwa migumu kuliko vipimo. Iko dawa inaitwa dayazoksaidi inayozifunga chembe zile zisitoe insulini, tuliitafuta hatukuipata. Tukaenda kwa chakula. Uji wa mtama saa nne usiku, kisha saa nane usiku mumewe anatega kengele ya simu, anamwamsha, anampa vijiko vya unga laini wa mahindi usopikwa kwenye maziwa baridi, maana wanga mbichi unayeyuka pole pole tumboni na sukari yake inatoka kwa masaa. Mume yule hakukosa usiku hata mmoja. Mwani aliachishwa kabisa. Dawa za kifafa zilipunguzwa taratibu mpaka zikaachwa, na hakupata degedege hata moja.

Operesheni niliomba ruhusa nikaingia nikasimama nyuma. Kabla ya nusu kaputi dripu ya dekstrosi ilikuwa tayari inakwenda na sukari inapimwa kila robo saa. Tumbo likafunguliwa, wakapita mbele ya kongosho nyuma ya mfuko wa chakula, kongosho ikalala pale ya manjano, vinundunundu. Mpasuaji aliipapasa kwa vidole viwili kutoka kichwani mpaka mkiani karibu na wengu, pole pole, hakuna aliyezungumza. Anapapasa yote kwa sababu kama mmoja katika kumi ana uvimbe zaidi ya mmoja, ukitoa mmoja ukaacha wa pili umemfungua bure. Kwenye kiwiliwili akasimama, akaniita niangalie. Kidude cha duara, wekundu unaoelekea zambarau, kimejitokeza nusu. Wakaweka kipande cha ultrasaundi juu ya kongosho palepale, wakapima umbali kutoka kwenye mrija mkuu, milimita 6.

Umbali ule ndo ulioamua aina ya operesheni. Uvimbe ukiwa umegusana na mrija, au uko chini ya milimita 2 au 3, kuung'oa peke yake kuna hatari ya kuutoboa mrija, basi unakata sehemu ya kongosho, mkia pengine na wengu, na ukiwa kichwani mwa kongosho ndani kabisa unafika kwenye ile operesheni kubwa ambayo nayo ina jina la Whipple huyohuyo. Kwake waliweza kuung'oa kama unavyotoa kokwa kwenye tunda, kongosho yake yote ikabaki. Kwa mwanamke wa miaka 38 hilo si dogo, ukikata kongosho nyingi unamtoa kwenye kushuka sukari unamtia kwenye kisukari.

Kabla ya kung'oa sukari ilikuwa 3.9 na dripu inakwenda. Dripu ikafungwa. Nusu saa baada ya kung'oa 6.8, saa moja 9.2. Daktari wa usingizi alizisoma kwa sauti, na mie nilitoka nje nikampigia simu mamake Pemba.

Siku tano za mwanzo sukari ilipanda mpaka 12, akapewa insulini kidogo mara mbili. Familia ilishtuka, wakasema sasa kapata kisukari. Hapana, chembe nzima za kongosho zilikuwa zimelala miaka mitatu maana jirani yao anafanya kazi ya wote, zilitaka siku kadhaa kuamka.

Kilichomtesa ni kingine. Kongosho ikiguswa huwa inavuja, na kwa operesheni ya kung'oa kuvuja ni jambo la kutarajiwa. Siku ya tatu maji ya kwenye mpira wa kutolea maji uloachwa tumboni yalipopimwa amilezi, kimeng'enya cha kongosho, yalikuwa mara nyingi zaidi ya mara 3 ya kiwango cha juu cha damu, na yanatoka mililita 180 kwa siku. Hana homa, anakula, tumbo laini. Wakaamua wasimguse, mpira uachwe. Akatolewa akakae kwa jamaa Mbagala, kila asubuhi anapima maji yake kwenye kikombe chenye mistari na kunitumia namba kwenye simu, 150, 120, 90. Kifuko alikifunga kiunoni ndani ya kanga, mtu akimuona hajui. Siku ya 24 ikaja chini ya 10, mpira ukatolewa.

Maabara ya nyama ilisema uvimbe wa chembe za homoni daraja la 1, Ki-67, kipimo cha kasi ya chembe kugawanyika, asilimia 1 na mpaka wa daraja hilo ni chini ya 3. Tisa katika kumi za insulinoma si saratani, na yake ilikuwa miongoni mwa hizo. Kwa umri wake tuliangalia pia kama ni ile ya kurithi, MEN1, ambayo inakwenda pamoja na tezi za kalsiamu na tezi ya chini ya ubongo. Kalsiamu 2.3, ni nzuri, nduguze hakuna mwenye mawe ya figo. Kalsiamu ataendelea kupimwa.

Ugonjwa huu kuujua si jambo jipya. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, mwaka 1927 kule Mayo Clinic Marekani wakakuta uvimbe unaoitoa kwa mgonjwa ambaye ulikuwa ushaenda kwenye ini, na mwaka 1929 Roscoe Graham, palepale Toronto, akautoa kwa mgonjwa akapona. Ni nadra kweli, katika nchi zinazohesabu wanapatikana mtu 1 hadi 4 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Ila piga hesabu. Sensa ya 2022 ilituhesabu Zanzibar watu 1,889,773. Kama kwetu ni kama kwao, basi kila mwaka wanaongezeka kama wawili mpaka wanane visiwani. Mie kwa miaka yangu yote ya kazi nimemuona huyu mmoja, na huyu mwenyewe mara ya kwanza nilimpa rifili. Wale wengine wako wapi?

Sista aliyesita na sirinji bado yuko zamu yetu, na sasa pale kwetu hakuna anayepigwa dayazepamu kabla hajatobolewa kidole. Tumekubaliana pia kila aliye kwenye dawa za kifafa aulizwe degedege zinakuja saa ngapi, kala saa ngapi, na anapozinduka kapewa nini. Na anayeulizwa awe yule anayelala naye nyumba moja.

Ramadhani iliyofuata alitaka kufunga. Mpasuaji alisema haoni kizuizi, mie nikasema sawa lakini siku tatu za mwanzo apime saa tisa alasiri na tena kabla ya futari, na ikishuka chini ya 3.9 afungue palepale. Siku ya kwanza 4.8 na 4.6. Ya pili 4.7 na 4.4. Ya tatu 4.9 na 4.5. Siku ya nne nilingoja namba haikuja, nikampigia mamake, akanambia mwezi ndo kwanza umeandama, maji yamekupwa bamvua, kashuka pwani tangu saa mbili.